Harusi Mpya Kabisa

Fungua kabati lolote la sebuleni Nakuru, kuanzia Section 58 hadi Free Area, utakuta rundo la diski na mwandiko wa mtu aliyeamini kumbukumbu yake haitazeeka. "Harusi." "Harusi mpya." "Harusi mpya kabisa." Ya nani? Mwenyewe anajua, au alijua. Nyingine imeandikwa "London 2009", na mgeni kutoka Molo huishika kwa heshima zote. Kumbe ni mtaa wetu wa London, jirani ya jaa la Gioto, na sherehe yenyewe ni ya kipaimara.

Wenye bidii zaidi huandika kwa kalamu ya kawaida, tena kwa kukandamiza, huku wakikinga ule upande unaong'aa kama yai. Maskini! Kwenye CD, data imekaa chini tu ya uso wanaouchora, ikisitiriwa na utando mwembamba wa vanishi. Kila herufi ni jeraha. DVD ina afadhali, maana tabaka lake limebanwa katikati ya plastiki mbili. Maka peni yenye ncha laini ingetosha, ila hiyo iko kazini, inaandika majina kwenye mitungi ya maziwa.

Ajabu ni kwamba diski moja haikosi maelezo kamili: mahali, tarehe, hata "nakala ya pili". "MKESHA WA MAOMBI, MENENGAI", kwa herufi kubwa. Hiyo huwekwa watoto wakishalala, na sauti ikipunguzwa.