Hotuba ya Mtaalamu Mkuu wa Habari, Luberizi

Bapapa, bamama, vijana wa Luberizi, na wewe uliyekuja kuchaji simu tu: kaeni. Nimealikwa, na mimi mwenyewe, niwafundishe hatari ya kusikiliza upande mmoja.

Kwanza mnijue. Zamani nilikuwa mwandishi wa habari. Niliacha kwa sababu mhariri alikuwa na tabia mbaya ya kuuliza, "Na wa upande wa pili wamesemaje?" Leo ninaongoza vikundi vya WhatsApp, na upande wa pili nimeshautoa wote.

Koti hili mnaloliangalia sikulinunua. Nilipewa na mheshimiwa mmoja ambaye, kwa bahati nzuri, hajawahi kukosea ndani ya vikundi vyangu.

Turudi kwenye somo. Mwaka 1994, huko Rwanda, redio ya RTLM ilichanganya muziki mtamu na wito wa kuua. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha ikamtia hatiani. Mmeona hatari ya kusoma sana? Mimi sina shahada hata moja. Na vikundi vyangu havipigi muziki.

Wengine mnanitajia Radio Okapi. Tangu 2002 wao ni kuthibitisha tu! Nilipotangaza kwamba adui amefika Luvungi, wao kimya. Mlibeba magodoro mpaka Sange, bamama na watoto mgongoni, mkanikuta huko, maana kiongozi hutangulia. Kwamba huyo adui alikuwa ng'ombe wa mnada, hilo lilijulikana baadaye. Sikulisahihisha, kusahihisha kunakula mega.

Serge Maheshe wa redio hiyo aliuawa Bukavu mwaka 2007. Mwenzake Didace Namujimbo akauawa Bukavu hiyo hiyo mwaka 2008. Kazi yao ilikuwa kutoka na kuuliza watu. Mimi habari zote nazipatia kitandani, na niko hai. Sasa mtaalamu ni nani?

Kuhusu ile hatari niliyoitiwa, muda umekwisha. Maswali?

Wewe kijana wa nyuma, unauliza kama nilimwona huyo adui kwa macho yangu? Jina lako nani? Namba yako inaishia ngapi? Haya, umeshatoka kwenye kikundi.

Kuna mwingine? Hakuna. Andikeni basi: Luberizi yote imekubali.