Imelipa au Imekula Mtaji? Filamu Saba za Njozi na Hesabu Zake

Kila filamu kubwa ya njozi ikitoka, mmoja atasema imeingiza dola milioni mia tatu, basi imefaulu, na mwenzake atajibu kwamba imeanguka vibaya. Wote wawili wanatazama namba moja, ile ya tiketi zilizouzwa dunia nzima, na namba hiyo peke yake haimalizi ubishi. Mwenye jumba la sinema anakata chake kwanza. Marekani, kampuni iliyotoa filamu hubaki na karibu nusu ya bei ya tiketi. Katika nchi nyingine hupata pungufu ya hapo, na China ni kama robo tu. Kisha kuna matangazo, ambayo hayamo kwenye bajeti inayotajwa. Ndiyo maana wanaoifuatilia biashara hii husema filamu inatakiwa iuze tiketi za mara mbili hadi mbili na nusu ya bajeti ndipo ianze kupumua.

Mimi naongeza swali moja, na ndilo lililopanga orodha hii: fedha ziliingia mfukoni mwa nani? Tunahesabu kuanzia saba, penye ubishi mdogo, kushuka hadi moja, ambapo marafiki hukosana.

7. Pan's Labyrinth (2006)

Tuanze na nyepesi. Guillermo del Toro alitumia takriban dola milioni 19, filamu nzima kwa Kihispania, ndani yake mna jitu lenye macho viganjani, na tiketi zikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 80. Juu yake Oscar tatu. Imefaulu. Anayebisha hapa anatafuta ugomvi, si hesabu.

6. John Carter (2012)

Disney ilimwaga zaidi ya dola milioni 250 kumpeleka mwanajeshi mstaafu wa Marekani kwenye sayari ya Mars akakutane na viumbe wenye mikono minne. Tiketi zikaleta takriban milioni 284. Mashabiki wake hung'ang'ania hapo: "Si imerudisha hela?" Haikurudisha! Wape wenye majumba ya sinema fungu lao, toa matangazo, uone kilichobaki. Filamu ilitoka Marekani Machi 9, na Machi 19 Disney yenyewe ikatangaza kuwa inatarajia hasara ya takriban dola milioni 200. Siku kumi tu. Mwezi uliofuata mkuu wa studio, Rich Ross, akajiuzulu. Mwenye mtaji akishakiri hasara mbele ya wanahisa wake, wewe shabiki unamtetea kwa risiti gani?

Naipenda filamu hii, na inaniuma. Ilistahili angalau jina la kuvutia. John Carter ni jina la mtu anayekutengenezea mikataba ya nyumba. Lile neno Mars la kwenye jina la awali ndilo lililokuwa na utamu, nalo ndilo waliloliondoa.

5. The Chronicles of Narnia: Prince Caspian (2008)

Filamu ya kwanza ya Narnia, mwaka 2005, iliuza takriban dola milioni 745. Hii ya pili iligharimu kama milioni 225 ikauza milioni 419, na mwaka huo haujaisha Disney ikajitoa. Fox wakaichukua ya tatu, The Voyage of the Dawn Treader (2010), wakabana matumizi hadi takriban milioni 150, wakauza milioni 415. Tazama vizuri: mauzo yanakaribia kulingana, lakini moja ilimkimbiza mfadhili na nyingine ikaonekana afadhali. Tofauti ni kile kilichotumika kabla kamera haijazimwa.

Halafu tarehe! Ya kwanza walitoa Desemba, familia zimekaa pamoja na theluji ya Narnia inaendana na msimu. Ya pili wakaitoa Mei 16, wiki mbili baada ya Iron Man na siku sita kabla ya Indiana Jones. Simba Aslan ana nguvu nyingi, ila kalenda hiyo ingemchosha hata yeye. Kwangu mimi Caspian ilifeli, na aliyepanga tarehe ana sehemu yake ya lawama.

4. Warcraft (2016)

Bajeti dola milioni 160, tiketi milioni 439. Kwa ile kanuni ya mara mbili na nusu, imevuka, tupige makofi? Ngoja. Marekani iliuza milioni 47 tu. Zaidi ya milioni 220 zilitoka China, na huko, kama tulivyosema, sehemu kubwa ya tiketi haivuki mpaka. Kwa hiyo milioni 220 za Beijing na Shanghai zinapofika Hollywood zimekonda kweli kweli.

Lakini hapa ndipo lile swali la mfuko linapopata kazi. Legendary, iliyotengeneza filamu, ilikuwa imenunuliwa miezi michache kabla na kundi la Wanda la China, na Wanda wakati huo ndio waliokuwa na mtandao mkubwa wa majumba ya sinema huko. Sehemu ya fedha "iliyobaki China" ilibaki kwa ndugu wa damu. Kwa Legendary ilikuwa hasara. Kwa mkuu wa ukoo, kidonda chenye dawa. Mwendelezo haujatengenezwa, na hilo linaniambia dawa haikutosha.

3. The Wizard of Oz (1939)

Nikisema hii ilikula hasara, watu hushika vichwa. Ilikula! MGM ilitumia takriban dola milioni 2.8, gharama nzito kwa zama zile, na katika mzunguko wa kwanza kampuni ikapata kama milioni tatu. Ukiondoa usambazaji na matangazo, vitabu vya MGM vilionyesha hasara ya zaidi ya milioni moja. Watazamaji wengi walikuwa watoto, na mtoto hulipa kiingilio cha mtoto.

Iliporudishwa sinema mwaka 1949 ndipo ikaingia kwenye faida. Mwaka 1956 ikaonyeshwa kwenye televisheni ya CBS, na baadaye ikawa desturi ya kila mwaka. Wanasema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kwa Dorothy, msichana wa hadithi hii, jioni ilichukua miaka kumi kufika. Na Desemba 2024, jozi moja ya vile viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland akimwigiza Dorothy, iliyowahi kuibwa kwenye jumba la makumbusho, ilipigwa mnada kwa dola milioni 28 kabla ya ada. Viatu tu! Hata kama dola ya 1939 ilikuwa na nguvu kuliko ya leo, namba hiyo ni mara kumi ya bajeti ya filamu nzima. Imefaulu, ila wale waliolipa mishahara mwaka 1939 hawakuwa na sababu ya kuamini hivyo.

2. Harry Potter and the Order of the Phoenix (2007)

Tiketi: takriban dola milioni 940. Nani angethubutu kusema imefeli? Karatasi ya Warner Bros. yenyewe. Mwaka 2010 taarifa ya hesabu ya filamu hii ilivuja, na mstari wa mwisho ukasomeka hasara ya dola milioni 167. Kampuni ilikuwa imeitoza filamu ada ya usambazaji, gharama za matangazo na riba, jumla yapata milioni 350. Sehemu kubwa ya malipo hayo Warner ilikuwa inajilipa Warner.

Kwa nini ujisumbue hivyo? Kwa sababu mikataba mingi ya Hollywood humwahidi mtu asilimia ya faida halisi. Faida isipoonekana kwenye karatasi, hakuna cha kugawa. Kwa hiyo mtu akikuwekea mkataba wenye maneno hayo, omba asilimia ya mapato, na akikataa, omba mshahara mnono. Filamu ilifaulu kwa kishindo. Karatasi ile ndiyo hadithi ya njozi kuliko hata wachawi waliomo.

1. The Golden Compass (2007)

Hii ndiyo inayovunja kanuni zote. Bajeti dola milioni 180, tiketi milioni 372. Ukiisoma haraka, imekaribia kujinasua. Sasa zigawe: Marekani milioni 70, nje ya Marekani zaidi ya milioni 300. Dunia iliwapenda yule dubu mwenye deraya na Nicole Kidman katika dhahabu yake. Tatizo ni kwamba New Line, iliyotengeneza filamu, ili kupunguza mzigo wa gharama, ilikuwa imeshauza mapema haki za nchi za nje kwa wasambazaji wa huko. Njia hiyo iliwasaidia sana kwenye The Lord of the Rings, ambapo Marekani nayo ilifurika. Safari hii shamba lililozaa ndilo walilokwisha kuliuza, wakabaki na lenye ukame.

Februari 2008 filamu ilishinda Oscar ya madoido ya picha. Siku chache baadaye, mwishoni mwa mwezi uleule, kampuni mama, Time Warner, ikatangaza kuikunja New Line ndani ya Warner Bros., na Bob Shaye, aliyeianzisha mwaka 1967, akaondoka. Si filamu hii pekee iliyowafikisha hapo, lakini iliwasukuma.

Kwa hiyo hukumu yangu ni mbili, na sitaziunganisha: kwa wasambazaji wa nje ilikuwa filamu nzuri ya biashara, kwa New Line ilikuwa msiba. Watazamaji nao walipoteza. Sehemu ya mwisho ya kitabu cha Philip Pullman ilishapigwa picha, ikakatwa ili ihifadhiwe kwa filamu ya pili, na ya pili haikutengenezwa. Aliyetaka kuona hadithi hiyo inafika mwisho alisubiri tamthilia ya BBC na HBO iliyoanza mwaka 2019.