Begi la Mjomba

Wasemao Kiingereza hawana upungufu wa maneno ya kusema hakuna kitu. Wana nothing yao ya nyumbani, wana nil waliyoitoa kwenye Kilatini, na wana zero ambayo ukiifuata nyuma unafika kwenye sifr ya Waarabu, kisima kilekile tulikochota sifuri yetu. Wamarekani hawakutosheka, wakaongeza na nada ya Kihispania. Sijapata kuona watu wanaokopa patupu kwa bidii namna hii.

Na neno nada lenyewe lina ukoo. Wataalamu wa lugha hulifikisha kwenye Kilatini res nata, yaani kitu kilichozaliwa. Kikazaliwa, kikakua, kikaishia kuwa si kitu. Ninao binamu wa aina hiyo. Hemingway naye, katika hadithi yake ya A Clean, Well-Lighted Place ya mwaka 1933, alimpa neno hilo mhudumu wa mkahawa huko Hispania, akalipachika kila mahali ndani ya sala ya Baba Yetu. Mwishoni mwa mwaka huohuo Hemingway akashuka Mombasa kuja kuwinda. Nadhani wanyama wetu walimwombea arudi kwao na nada.

Mjomba wangu wa Tanga hakuwa na habari ya hayo yote alipotua Houston. Mkanda wa mizigo ulizunguka mpaka ukabaki na kiti cha mtoto tu. Tukaenda dirishani. Binti wa shirika la ndege akabofya, akaikodolea macho kompyuta, akatikisa kichwa.

"Nada."

Mjomba akanigeukia. "Mnada? Mara hii?"

"Hapana, mjomba, anasema hakuna kitu."

"Nimesikia kwa masikio yangu! Begi halijapoa, wameshalinadi. Muulize limefika bei gani."

Binti akataka kujua mzee anasemaje. Nikamwambia anashukuru. Naye, kwa adabu zake zote, akajibu: "De nada."

"Umesikia? Bei imepanda!"

Nyumbani, mlangoni kwa jirani yetu Mmexico, kuna zulia dogo la kufutia miguu lililoandikwa HOLA kwa herufi kubwa. Kwao ni salamu. Lakini kwa mtu aliyezoea kusema "nimekwenda, nimetoka hola," hilo ni tangazo la msiba. Mjomba akalisoma taratibu, akalitazama dirisha lao lisilo na pazia, akasikitika.

"Hawa nao wamenadiwa vyote."

Usiku mdogo wangu, kwa nia njema ya kumpoza, akamsimulia kwamba huko Scottsboro, Alabama, tangu mwaka 1970 lipo duka linalouza vitu vya mabegi ambayo mashirika ya ndege yameshindwa kuwapata wenyewe. Mjomba akanitazama mimi, niliyekuwa nikikanusha mnada mchana kutwa, kama mtu aliyegundua kwamba hata damu yake imo kwenye genge. Nikamweleza kuwa lile ni duka, si mnada, na kwamba mashirika humtafuta kwanza mwenye mzigo kwa miezi kama mitatu.

"Basi ni mnada wa taratibu," akasema.

Begi likaletwa, zima. Ila pakiti za ubuyu zilikuwa zimepasuka humo ndani, na kanzu zote nyeupe zimegeuka nyekundu. Mjomba akazikunja bila neno, kisha akauliza nauli ya basi mpaka Alabama. Kama nguo za watu zinauzwa rahisi huko, haoni sababu ya kufua hizi.