Mganga Asiyetoka Kitui

Jina la Kitui limebandikwa nchi nzima. Tembea Nairobi, Nakuru au Mombasa, huzipiti nguzo tatu za stima bila kukutana na kikaratasi: mganga kutoka Kitui, anarudisha mpenzi aliyetoroka, anamnasa mwizi akiwa bado na mzigo mgongoni, anafungua nyota ya biashara, piga simu sasa. Baadhi ya waganga hao hawajawahi kuvuka Mto Athi, lakini jina lenye soko wanalijua. Majirani zetu wa Makueni walikuwa na hisa zao katika biashara hiyo. Siku hizi wanaona heri wasifiwe kwa maembe na kiwanda chao cha Kalamba, nasi tumeachiwa ndengu na mashetani.

Katika soko hilo lililojaa hivyo, nasimama kumsifu mgeni. Hatoki Kitui, wala Mwingi, wala Kibwezi, na namba ya simu hana. Anaitwa Mankar Camoran, kiongozi wa dhehebu la Mythic Dawn katika mchezo wa kompyuta The Elder Scrolls IV: Oblivion, uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwaka 2006 na kupakwa rangi upya 2025. Kwa ufupi, anaagiza mfalme auawe pamoja na wanawe, kisha anafungua milango ya kuzimu ili jini mkuu wa maangamizi, Mehrunes Dagon, apite na kuitwaa dunia. Wachezaji wengi humchukia kwa sababu hiyo. Wanatazama matokeo tu, hawatazami kazi ilivyofanywa.

Nilimjua kupitia mpwa wangu anayesoma chuo kikuu kule Kwa Vonza. Usidhani utakutana na Mankar kwenye vibanda vya PS vya Kitui mjini au Wote. Kule muda ni pesa: mechi ya mpira inaisha kabla chai haijapoa, na aliyelipa baada yako ameshakusimamia mgongoni. Mtume anayetaka saa thelathini za maisha yako hawezi kuota mizizi mahali kama hapo. Yeye anahitaji kijana mwenye laptopu yake, hata ikiwa ya mtumba, na mgomo wa wahadhiri. Mwaka 2025 mgomo ulipatikana, wa wiki kadhaa. Mchezo uliotengenezwa upya ungeiunguza ile laptopu, kwa hiyo kijana alicheza ule wa zamani, nami nikiwa kando kama mjomba anayesimamia maadili.

Sifa yake ya kwanza ni elimu. Huyu bwana ameandika vitabu vinne, na hupokelewi katika dhehebu lake mpaka uwe navyo vyote. Cha kwanza unakipokonya kwa mfuasi aliyekuja kuua. Cha pili unakipata kwa mkutubi wa chuo cha wachawi. Cha tatu kiko dukani, lakini kina mwenyewe aliyekwisha kukiagiza, kwa hiyo inabidi umfuate umbembeleze au umtishe. Cha nne unakabidhiwa mkono kwa mkono ndani ya mifereji ya maji taka chini ya jiji. Ukishavikusanya, unachukua herufi ya kwanza ya kila aya, unazipanga, na zinakuelekeza kwenye kaburi fulani katika makaburi ya jumba la kifalme. Unakwenda adhuhuri. Jua likishika katikati, ramani nyekundu inawaka juu ya jiwe.

Nawauliza wahubiri wetu wa uwanjani, wale wa spika nne na jenereta: nani kati yenu amewahi kumtaka muumini asome hata ukurasa mmoja kabla ya kutuma sadaka? Kwenu mafumbo yote yanaishia kwenye namba ya paybill, nayo mnaisoma taratibu, mara tatu, ili mwenye masikio na asikie. Mankar anamheshimu mfuasi wake kiasi cha kumpa kazi ya nyumbani. Anataka mtu aliyefika mwenyewe kwa akili yake, ndiyo maana kumtoa huko baadaye ni kazi ngumu, lakini hilo tuliache kwanza.

Sifa ya pili ni uwazi mlangoni. Ramani inakupeleka kwenye mapango ya Ziwa Arrius, na ndani kuna bawabu aitwaye Harrow. Anakuomba kila ulicho nacho: upanga, viatu, fedha, dawa, hata mikate uliyobeba. Vyote, kwa mara moja, na anakupa joho jekundu. Ukikataa mnapigana hapo hapo. Ukikubali unaongozwa hadi madhabahuni, ambako unapewa mfungwa na kuambiwa umchinje. Sijui kampuni, chama wala kanisa linalomweleza mgeni masharti kwa uaminifu namna hiyo. Gharama yote imewekwa mezani siku ya kwanza, damu pia.

Sasa mlinganishe na mama muuza ndengu pale sokoni. Hakuna aliyemwambia avue kila kitu. Alianza na fungu la kumi, ikaja sadaka ya shukrani, ikafuata malimbuko, kisha mfuko wa ujenzi wa kanisa ambalo msingi wake sasa umeota nyasi, kisha kupanda mbegu, kisha mafuta ya upako, kisha mchango wa gari la mtumishi kwa kuwa barabara ya vumbi haimfai mtu wa Mungu. Ukijumlisha, ametoa kuliko alichokuwa nacho, na joho hakupata.

Haki inanilazimu kutaja pia wanaoharibu soko. Makindu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, liko hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, anaingia, anafunika kichwa, anavua viatu, anapewa chakula na chai bila malipo, na akitaka kulala kuna mahali. Akitoka anavikuta viatu vyake. Watu wa aina hii wanamfanya bawabu Harrow aonekane mchoyo, na sidhani kama wamefikiria madhara yake kwa biashara za wengine.

Kwa upande wa uongozi, Mankar ni mzee wa familia. Yule anayekutana na wateja kwenye maji taka na kuwakabidhi kitabu cha nne ni mwanawe, Raven. Anayesimamia madhabahu ya pangoni ni binti yake, Ruma. Katika jambo hilo yeye hana la kutufundisha. Mwaka 2023 serikali iliunda jopo chini ya Mutava Musyimi lichunguze namna mashirika ya kidini yanavyosimamiwa, nalo likakabidhi ripoti yake mwaka uliofuata. Nina hakika Mankar angefika mbele yake na faili kamili. Makao yapo, sare ipo, maandiko yapo, warithi wapo. Angeulizwa tu kuhusu yule mfungwa.

Nafika kwenye pepo. Manabii wetu wa Ukambani walikuwa na utabiri tu. Syokimau aliona nyoka mrefu atakayepita nchini akitema moto, reli ikaja, na yeye mwenyewe akaja kupewa kituo cha treni chenye jina lake, kilichofunguliwa 2012. Ndonye wa Kauti alitangaza 1922 kwamba Mungu amemteua na kwamba Wazungu wataondoka. Wakoloni wakamkamata wakampeleka uhamishoni Siyu, kule Lamu. Utabiri ulitimia 1963, miaka 41 baadaye, jambo ambalo kwa mtu aliyekuwa anangoja mvua ni muda mrefu kidogo. Simweki Ndonye kundi moja na Mankar. Ninachosema ni kwamba hakuwa na mahali pa kuwaonyesha watu wake.

Mankar anapo. Pepo yake ameijenga kwa uchawi wa kitabu, na mchezaji anaingia kwa miguu yake mwenyewe. Kuna nyasi, maua, maji na mwanga mzuri. Wafuasi waliokufa kwa ajili yake wako humo, kama walivyoahidiwa, na hawafi tena. Kasoro ni kwamba wanawindwa na majini bustani nzima, wanauawa, wanafufuka, wanauawa tena, na wengine wako kwenye pango la chini wakiteremshwa ndani ya vizimba hadi kwenye moto wa volkano. Wasemaji wa serikali za kaunti wana neno zuri kwa hali kama hiyo: changamoto za utekelezaji. Mlinzi wa pango hilo ni jini aitwaye Kathutet, jina ambalo ukiliongezea vokali moja mwishoni lingekaa vizuri kwenye ubao wa barabarani kati ya Mutomo na Ikutha.

Humo pangoni yumo Eldamil, mfuasi wa ngazi ya juu aliyeshiriki kupanga mauaji ya mfalme. Ameiona pepo na ameelewa. Anamwambia mchezaji ukweli, anamsaidia kutoka, na ukimruhusu anakufuata kwenda kupigana na bwana wake. Kwa ajili ya Eldamil siwezi kulipeleka pambio hili mahali pote ninapotaka. Mwingi na Tharaka kuna waumini wa Kavonokya ambao kwa imani yao hukataa hospitali, dawa na chanjo. Mtoto wao akiugua, ugonjwa unaachiwa maombi. Na katika msitu wa Shakahola, huko Kilifi, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Upande wa mashtaka unasema marehemu hao waliambiwa na mhubiri wao wafunge kula hadi kufa ili wamwone Yesu. Kesi ingali mahakamani. Kule msituni watu walianza kwa kupata vipande vya ardhi, si kwa kuonyeshwa madhabahu na kisu, na aliyekwenda hadi mwisho hakurudi kijijini kuwaambia wengine alichokikuta. Mwandishi wa mchezo alijua jambo hilo akamtia Eldamil. Sisi tulikuwa na majirani waliopiga ripoti, na ripoti zikakaa.

Nirudi kwa mgeni wangu, maana bado sijataja sauti yake. Aliyempa ni Terence Stamp, mwigizaji wa Uingereza aliyefariki Agosti 2025. Tangu unapokanyaga bustani, Mankar anakuhubiria kutoka hewani: miungu unayoiabudu ni waongo, dunia yako yenyewe ni kipande cha himaya ya kuzimu kilichoporwa na wajanja, Dagon ndiye mwenye shamba anayerudi kudai chake. Haongei haraka. Hapigi kelele, hapigi mguu sakafuni, hamwombi mtu amgeukie jirani yake amwambie neno. Anaongea kama mtu ambaye hati miliki anayo mfukoni. Wahubiri wa makesha wanaokauka sauti saa nane za usiku wangemsikiliza wakajifunza kupumua. Hoja zake, nikiri, nilianza kuziona zina uzito. Lile la ardhi iliyoporwa, na mwenye nayo anayerudi, ukilisema Ukambani, hukosi wa kukusikiliza hata ukiwa umevaa nyekundu.

Mpwa wangu hakuwa na subira hiyo. Alivuka bustani akikimbia, mahubiri yakimfuata kichwani, akapita kati ya wafuasi wanaolia bila kuwatupia jicho, akafika kwenye kasri. Ruma yuko kushoto, Raven yuko kulia, baba amesimama katikati na joho lake, ameanza sentensi ndefu juu ya hatima na alfajiri mpya. Stima ilikuwa imepotea tangu saa kumi.

"Mwache amalize kwanza," nikamwambia. "Huyu ni mtu aliyesoma."

"Mjomba, chaji imebaki asilimia nane," akasema, na akamchoma upanga.