Mnazi na Kaa wa Paje

MNAZI: Kaa, yule mwanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha hapa Zanzibar, aliyekuwa akidurusu kivulini mwangu kautaja "mti" asubuhi nzima, nikadhani nasifiwa. Kumbe mti wao mzizi uko juu, na kila nodi, yaani kila kituo cha mti, ina nafasi ya watoto wawili, mdogo kushoto, mkubwa kulia. Ya nini? Anayefika akae chini ya aliyemtangulia, basi. Tazama kamba za mwani pale majini: tangu 1989 zafungwa kwa mstari na hapana aliyelalamika.

KAA: Shikamoo, Babu. Mwani hautafutwi kwa jina, huvunwa kamba nzima, kwa hiyo mstari unatosha. Daftari la vitambulisho si hivyo: humo hutafutwa mtu mmoja mmoja. Nambari hutolewa kwa mfululizo, kila mpya ni kubwa kuliko ya jana, na kila anayeingia mtini hupelekwa kulia, kulia, kulia. Mti huo unakuwa kama wewe: hauna tawi, na mkwezi hana budi auparage wote. Wakiandikwa watu milioni moja, wa mwisho hapatikani mpaka ulinganishe mara milioni. Yaani wanaoingia kwa nidhamu ndio wanaozaa mti mbovu kuliko wote! Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Urusi ya Kisovieti, Georgy Adelson-Velsky na Evgenii Landis, walitoa dawa: pande mbili za nodi yoyote zisipishane kimo kwa zaidi ya ngazi moja. Ingiza 10, kisha 20, kisha 30. Upande wa kulia umelemea. Basi 20 anapandishwa juu, 10 anashuka kushoto, 30 anabaki kulia. Kwa milioni ileile, hatua hazivuki 30.

MNAZI: Na kila mgeni akibisha hodi mnahamisha nyumba? Ngojeni Disemba mpange mara moja. Au waacheni waingie shaghalabaghala, mti utajisawazisha wenyewe.

KAA: Wakiingia shaghalabaghala, kweli, kimo mara nyingi hakiwi kibaya, hilo sikatai. Lakini nambari na tarehe haziji ovyo, na ofisi hujivunia kuzipanga. Kungoja Disemba ni kuwaparagisha watu mwaka mzima ili karani apumzike. Na gharama unaikuza, Babu. Anapoingia mmoja, kugeuza mara moja au mbili, tena pahala pamoja, kunatosha. Viungo vichache hubadilika na walio chini hawana habari. Kufuta ndiko kwenye kazi, maana huenda ukageuza ngazi baada ya ngazi hadi juu, lakini hata hapo ngazi zenyewe ni chache.

MNAZI: Huyo 10 aliyeondoshwa kitini, kikao kilikaa lini? Posho alisaini nani?

KAA: Hapakuwa na kikao. Kimo kilipimwa, akashuka, kazi ikaendelea.

MNAZI: Mzizi ashuke bila tume? Mti huo hauoti Unguja.