Gurudumu Begani

Katika mwaka wa 1871, Henry Morton Stanley, aliyekuwa ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Daktari Livingstone, alipokuwa akifunga mizigo yake Bagamoyo aliona kuwa si laiki, katika zama za mashine za mvuke, shehena yote ya kwenda bara ichukuliwe kwa mabega na vichwa vya wanadamu. Akaunda gari jembamba la upana wa inchi 18, kiasi cha kupenya vijia vya nchi, akalipakia masanduku ya risasi, akalitazamia mambo makubwa. Siku moja aligeuka nyuma akamwona mpagazi mmoja, pande la mtu, anakuja na gari lile kichwani, magurudumu na mikono na kila kitu chake, kwa kuwa amekwisha kujua kwa tajiriba kuwa hapana njia nyepesi kuliko hiyo ya kulifikisha liendako. Gari likasukumwa matetini, likaachwa huko.

Wasomi wa historia huipita habari hii mbio mbio, maana wana haraka ya kuwahi Ujiji kushuhudia watu wawili wakivuliana kofia. Mimi naithamini kuliko habari nyingine zote za njia ile kuu ya misafara, kwa sababu ninakaa Tabora, nami nina baiskeli.

Baiskeli yenyewe sikuinunua, ilikusanyika. Fremu ni ya Kiingereza, ya zama ambazo chuma kilikuwa hakijaanza kubaniwa. Gurudumu la mbele ni la Kichina na la nyuma ni la Kihindi, na mataifa haya matatu hayajapata bado kuafikiana juu ya upande wa kwenda. Pedali ya kulia imebaki ule mti wake wa chuma tu. Breki ni kipande cha tairi la lori, cha jamii ile ile wanayochongea katambuga, nayo hufanya kazi kwa hiari yake, wala si kwa amri. Mkono wangu ukiifinya hutafakari kwanza, na tafakuri yake aghalabu huishia ng'ambo ya pili ya korongo.

Fundi wangu hukaa chini ya mwembe huko Ng'ambo, na duka lake lote ni karai la maji, pampu, spana malaya, kipande cha msasa na kopo la nati ambazo hapana mbili zinazolingana. Katika iktisadi ya matengenezo sijapata kumwona alimu mfano wake. Madhehebu yake ni kwamba hapana chombo kinachokufa, ila kuna wenye vyombo wenye haraka ya kuzika; kwa hiyo kila nilipomshauri kuwa labda wakati umefika wa kununua tyubu mpya, alinitazama kwa huzuni, akaitia ile ya zamani karaini, akakodolea viputo vya hewa, akakwaruza, akapaka solusheni, akapuliza, akabandika. Tyubu ile ikafikia daraja ya kuwa kiraka kipya sharti kikae juu ya kiraka cha kale, na mafundi wenziwe walipoipata mikononi hawakuuliza imetoboka wapi, bali waliuliza kimetoboka kiraka cha nani. Kila akimaliza hunirudishia baiskeli na kusema, "Itakufikisha, mwalimu." Wapi, hajapata kusema.

Pamoja na umaskini wa chombo, nafsi yangu ina uchu wa safari. Watu wenye nauli huenda Serengeti. Mimi nimejiwekea kanuni ya kuizuru nchi iliyo mlangoni pangu, peke yangu, na kurudi kwangu kabla ya giza. Na nani aliye na mlango kama wa Tabora? Richard Burton na mwenziwe Speke, waliotoka pwani mwezi wa Juni 1857, waliingia Kaze, jina la zamani la makao haya, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Stanley alizipunguza. Watu hawa huitwa wavumbuzi, ingawa mbele yao alitangulia kirangozi aliyeijua njia kisima kwa kisima, na Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kuikanyaga kwenda na kurudi pwani tangu kabla ya kuzaliwa kwao. Ikiwa ada ya uvumbuzi ndiyo hiyo, basi hata mimi ninayo haki ya kuvumbua Kwihara, mahali ambapo hapafiki kilomita kumi kutoka mjini, na ambapo wenyeji wake huja sokoni asubuhi na kurudi alasiri bila ya kuandika kitabu.

Nilijifungia matobolwa, karanga na chupa ya maji. Mama watoto akaniuliza nitarudi saa ngapi. Nikamjibu kwa yakini kuwa adhuhuri haitanikuta nje. Akasema vyema, basi chakula cha usiku atakifunika.

Msafara wa zamani haukupita katika nchi ya mtemi bila ya kutoa honga, na mabishano ya honga, dhiraa ya nguo juu ya dhiraa, yaliweza kuwashikilia wasafiri kwa siku kadha wa kadha. Watemi wa njia wamekwisha kuondoka duniani, lakini njia yenyewe, nadhani, imerithi haki zao. Penye korongo la kwanza ilitwaa nati moja. Penye mchanga, na mchanga wa Unyanyembe ni laini hata gurudumu huzama humo na kusahau kazi yake, ilitwaa spoki. Mnyororo ulitoka, nikaurudisha. Ukatoka tena kwa inadi, nikaurudisha kwa maneno ambayo mwalimu hafundishi. Kisha, chini ya miembe mikubwa ambayo husemwa kuwa asili yake ni kokwa za watu wa misafara, viraka vya miaka yote vikafanya shauri moja na kuondoka kwa pamoja, kwa mshindo uliotimua njiwa matawini. Nikatoa solusheni yangu ya akiba. Ilikuwa imekauka ndani ya bomba lake, ngumu, safi, na isiyo na faida kwa kiumbe yeyote.

Mtu wa iktisadi haishiwi hila. Nilikwisha kusikia kuwa tairi tupu laweza kujazwa majani. Basi nikashuka bondeni, nikakata majani mabichi, nikayashindilia mpaka tairi likanona, nikapanda, nikaenda. Sifa za majani kama hewa ni kuwa hayavuji. Ila yanayo aibu moja, kwamba hewa haiwapendezi mbuzi. Mashina ya majani yalikuwa yamechungulia nje kwa kando ya ringi, na mbuzi wa kaya iliyo jirani na njia, waliokuwa na kiangazi kirefu matumboni, wakaniandama, kwanza kwa adabu, kisha kwa meno. Nilipogeuka nilimwona beberu ameuma gurudumu langu la nyuma na macho ameyafumba kwa utamu.

Bibi mwenye mbuzi alitoka nyumbani kwake kutazama kisa. "Mwangaluka," akasema. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaizunguka baiskeli yangu taratibu, kama ada ya mtu anayekagua mgonjwa wa wenyewe.

"Hii inaumwa, baba."

"Inaumwa, bibi."

"Na nyumbani mbali?"

"Si mbali. Nakwenda Kwihara kutembea tu."

Alilipima neno hilo kwa kitambo. "Kutembea tu," akasema, "na hiyo ukaichukua ya nini?" Kisha, alipoona sina jawabu, akanihurumia. "Basi ibebe."

Nikaitia begani. Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, sufuria yake na silaha yake, naye alikwenda nao hata akaiona bahari. Baiskeli yangu, pamoja na kutu yake yote, haifiki uzito huo, nami nilikwenda nayo kutoka mwembe mmoja hata wa pili, nikakaa. Hapo ndipo heshima yangu kwa watu wale, ambayo tangu hapo ilikuwa ya vitabuni, iliponishukia mabegani.

Ndivyo alivyonikuta mrina asali, akitoka porini, na baiskeli yake imechukua ndoo mbili zilizofungwa kwa kamba za magome ya miombo. Alinipa pole, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema wazee wangu ni watu wa Kisarawe. Uso wake ukachanua.

"Mzaramo!"

Msomaji asiyejua mambo ya utani hataiona hatari iliyokuwamo katika neno hilo. Wanyamwezi waliposhuka pwani kwa misafara yao walipita Uzaramo, na katika kupita huko, kwa kugombana na kupatana, kupokeana na kuzikana, ulishikamana kati ya makabila haya mawili utani ambao reli, iliyofika Tabora mwaka wa 1912, haikuufuta. Mtani hukutukana msibani ukacheka, hukusaidia kwa mali yake, na hutwaa chako mbele ya macho yako, wala hapana mahakama itakayokusikiliza.

Mtani wangu aliyamwaga majani, akalikunja lile pande la tyubu lililopasuka, akalifunga pande zote mbili kwa ukanda wa mpira. Kisha akashona tairi kwa uzi alioupitisha kwanza katika bonge la nta. Kazi ilikuwa nzuri, ila gurudumu likapata nundu. Alipomaliza alifungua kengele yangu usukanini, akaifunga kwake.

"Lakini baiskeli yako ina kengele," nikasema.

"Babu yangu alishusha pembe zake kwenu pwani. Hii ni riba tu. Asili ya deni tutaizungumza."

Nikapanda, nikaondoka, gurudumu likinirusha kitini kila lilipozunguka. Nta ile ilikuwa haijachujwa asali yake yote. Na nyuki, ambao katika pori la Tabora hawapungui, wakatambua mali yao. Siwezi kusifu vya kutosha mwendo wa baiskeli ile katika robo saa iliyofuata. Breki sikuikumbuka, nayo haikunikumbuka. Niliingia Kwihara nikipiga kelele, na mbele ya lile tembe lililojengwa upya, ambalo ndilo makumbusho ya Livingstone, uzi ukakatika na tairi likalala.

Katika makao hayo Livingstone, baada ya Stanley kumwacha mwezi wa Machi 1872, alikaa takriban miezi mitano akingojea wapagazi alioahidiwa kutoka pwani, asiondoke hata tarehe 25 Agosti. Waandishi husifu uvumilivu wake. Mimi nilikaa barazani, shingo imevimba kwa miiba ya nyuki, nikala matobolwa, nikaona kuwa mtu aliye Kwihara bila ya wapagazi hana budi kuwa mvumilivu, apende asipende.

Alasiri mtani akatokea, amekwisha kushusha asali yake kwa mteja. Hakuuliza kitu. Aliilaza baiskeli yangu juu ya keria ya yake, akaikaza kwa kamba za magome, tukashika njia ya mjini, yeye mbele akikokota na mimi nyuma kwa miguu. Na kila tulipokaribia kaya ya watu aliipiga kengele, iliyokuwa yangu asubuhi, akatangaza kuwa ameokota Mzaramo porini na anamrudisha kwao akiwa mzima. Mbuzi wakatoka. Bibi yule naye akatoka, akamwuliza mtani amelipwa nini kwa taabu yote hiyo.

"Kengele," akasema. "Na pampu, ila ya pampu bado hajaambiwa."