Tondozi ya Kutu

Watunzi wa tondozi wamewasifu ng'ombe, njiwa, majahazi na wapenzi wao. Kutu wameiacha mlangoni. Ikitajwa, basi ni kwenye tangazo la rangi, au mdomoni mwa fundi anayekueleza kwa nini bei imepanda. Hata hivyo wapo watu, wenye akili timamu na macho mazuri, wanaonunua trekta dogo la plastiki, kitu ambacho hakiwezi kushika kutu hata kikilazwa baharini mwaka mzima, kisha wakatumia jioni nyingi kulipaka maradhi ambayo halikuzaliwa nayo. Watu hao huchekwa. Makala haya yanasimama upande wao, au tuseme upande wa kutu yenyewe, kwa hoja moja: kati ya vyote vinavyoligusa trekta, hakuna kinachoeleza vizuri kama kutu lilifanya kazi gani, lilishikwa wapi na liliachwa tangu lini. Anayetaka kuiigiza hana budi kuisikiliza kwanza.

Chukua Ferguson TE20, lile trekta dogo la kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya matrekta laki tano kwa jumla. Harry Ferguson alilipa mfumo wa kushika plau kwenye nukta tatu na kuinyanyua kwa haidroli, mfumo ambao matrekta ya leo bado yanautumia. Kampuni ya Heller ya Ufaransa imewahi kulitoa kama seti ya vipande vya plastiki kwa skeli ya 1:24. Likishaunganishwa na kupakwa kijivu chake, linakaa mezani safi, limenyooka, halina la kusema. Sasa iite kutu. Ekzosi ndiyo ya kwanza kuliwa, kwa sababu joto huunguza rangi na kuacha chuma uchi. Chini ya madigadi matope huganda na kutunza unyevu, kwa hiyo pale kutu hutokea ndani kwenda nje, na hujitangaza kwanza kwenye boliti. Lakini tazama pedali na mahali pa kukanyagia: hapo rangi imekwisha kabisa na kutu haipo, maana viatu vya dereva husugua kila siku, na chuma kinang'aa. Ubao wa plau nao hung'arishwa na udongo msimu mzima, kisha hulala nje usiku mmoja wa mvua na kuamka umevaa rangi ya chungwa. Kutu changa ni ya chungwa, iliyokomaa ni kahawia, na ile ya kwenye ekzosi inayopashwa moto kila siku hukaribia weusi. Trekta lenye pedali zinazong'aa na plau ya chungwa lililala juzi tu. Trekta lenye pedali za kahawia lilishasahaulika, na huenda mwenye nalo pia.

Ufundi wenyewe unaithibitisha hoja hii. Fundi wa modeli hapaki kutu juu ya kijivu. Huanza na kahawia, yaani huanza na mwisho wa trekta. Kahawia ikikauka, huipulizia ile dawa ya saluni ya kushikiza nywele, ndipo anapopaka kijivu cha akriliki juu yake. Kijivu kikikauka kidogo, hulowesha kwa maji pale anapotaka, akasugua taratibu kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Dawa ya nywele huyeyuka, kijivu hubanduka vipande vipande, na kahawia hujitokeza ikiwa na kingo zilizochongoka ambazo mkono wa mtu hauwezi kuzichora. Wengine hunyunyiza chumvi juu ya kahawia iliyoloweshwa, hupaka kijivu, kisha huipangusa ile chumvi. Chumvi hiyo hiyo ambayo, ikiletwa na upepo wa bahari, huyala mabati ya Lamu na Bagamoyo, hapa inatumikishwa kibarua cha uchoraji. Lakini kubandua rangi ni rahisi. Kazi ni kujua ibanduliwe wapi. Milimita moja ya modeli ni sentimita 2.4 za trekta halisi, hivyo mkwaruzo wa milimita tano ni jeraha la sentimita 12, na jeraha la namna hiyo lazima liwe na aliyelisababisha: mnyororo, kisiki, au dereva aliyeajiriwa wiki hiyo. Asiyejiuliza hupaka chungwa kila mahali, mpaka kwenye kanyagio. Huko si kuisifu kutu, ni kuikashifu, kwa sababu kutu haiendi ovyo. Huenda palipo na maji na hewa, pasipopita mkono.

Mtu atasema huu ni uongo uliopambwa, na kwamba mwenye heshima angeliacha trekta jinsi lilivyotoka kiwandani. Lakini trekta hubaki jinsi lilivyotoka kiwandani mpaka linapoingia shamba la kwanza tu. Modeli inayong'aa inasimulia siku chache za maisha marefu, na ndizo siku ambazo trekta halikulima kitu. Hata baadhi ya wenye matrekta halisi ya zamani huko Uingereza hukataa kuyapaka rangi upya, wakisema kwamba rangi mpya inaweza kupakwa siku yoyote, ila ile ya kwanza hupakwa mara moja. Halafu lipo jambo ambalo kutu inastahili kupigiwa vigelegele: rangi za kuiigiza ni jamaa zake. Ile kahawia ambayo wachoraji huiita sienna, na umber, na ngeu ya maseremala, zote zimebeba oksidi ya chuma, ukoo ule ule unaokula boliti. Praima nyekundu ambayo mafundi wa mageti hupaka kwanza ili kuzuia kutu, wekundu wake nao mara nyingi ni oksidi ya chuma. Yaani adui ameajiriwa kulinda geti dhidi ya ndugu zake, na analinda vizuri. Sasa mwongo hapa ni nani?

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima. Kwake kutu ni hasara, na anayeisifu hajawahi kununua vipuri. Sikatai. Aluminiamu ikipata oksidi yake hujifunika na kutulia; ya chuma huvimba, hubanduka, na kuyafungulia maji na hewa njia ya kwenda ndani zaidi. Lakini tuwe waangalifu na orodha ya washtakiwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mradi wa Karanga huko Kongwa, Tanganyika, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yalitafutwa hadi kwenye maghala ya jeshi yaliyobaki Ufilipino baada ya vita, na vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mashine nyingi zilifika zimeshachoka. Mizizi ya vichaka ikazivunja, udongo uliokaushwa na jua ukasaga majembe, na mvua haikunyesha kwa ratiba iliyoandikwa London. Mwaka 1951 mradi ukafutwa na mamilioni ya pauni yakaenda na maji. Katika kesi hiyo kutu inaweza kusimama mbele ya hakimu na mikono safi: yenyewe inahitaji miaka kulimaliza trekta, tena inahitaji unyevu, na haraka ya wakubwa ilimaliza kazi kwa miezi, mahali pakavu. Anayetengeneza modeli ya trekta la Kongwa wakati wa mradi na kulijaza kutu ameisingizia. Apake vumbi, apake chuma kilichosagika, na kutu aiweke kidogo mno, pale ekzosi ilipoungua. Jina la mwenye kosa hasa haliandikiki kwa brashi.

Limebaki la bei, kwamba huu ni mchezo wa wenye nafasi, na hilo halihitaji maneno mengi. Rangi za dukani ni ghali, kweli. Lakini watoto wetu wametengeneza magari yao ya waya na makopo, yenye magurudumu ya ndala zilizokatika, bila kuingia duka lolote la modeli. Gari la kopo lililosahauliwa nje masika yote hupata bure kile ambacho mwenye Heller anakitafuta kwa dawa ya nywele na subira, na hukipata mahali panapostahili: kwenye mkunjo wa bati, na pale msumari ulipotoboa.

Basi mwenye modeli na aanze na ekzosi, aziache pedali ziking'aa, na asipake tone la chungwa ambalo hawezi kulieleza. Mwenye trekta la kweli, yeye akanunue grisi leo hii, aupake ubao wa plau kabla mvua hazijaanza: kutu imeshasifiwa ya kutosha.